Usukani wa Bwana Mifugo

Bwana Mifugo aliomba radhi hata kwa vitu visivyo na masikio. Akijikwaa kwenye kigoda changu, kigoda kinaombwa radhi. Akipiga hodi akanikuta ninakula, ataniomba radhi mimi, kisha atasimama pale pale mlangoni akizungusha kofia mikononi mpaka nimkaripie aingie. Mimi ni mtu wa Korogwe, nimelelewa na watu wanaosema kwa sauti, na miaka yangu ya kwanza Dodoma tabia hiyo ilinikera sana. Nilidhani anajifanya mnyenyekevu. Nilichelewa kujua kwamba kuna jambo moja hasa alilokuwa akiliombea radhi kila siku, mlango kwa mlango, isipokuwa kwa mtu aliyestahili kuombwa. Jambo lenyewe lilihusu usukani wa gari lake, ndama wa mzee mmoja wa upande wa Chemba, na uongo mfupi alioutamka uani kwake nikiusikia kwa masikio yangu.

Tulikuwa majirani. Kati ya chumba changu cha kupanga na nyumba yake palikuwa na wigo wa minyaa, tena wenye mapengo, kwa hiyo hakuna aliloficha mmoja ambalo mwenzake hakuliona. Mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi moja ya serikali. Yeye alikuwa bwana mifugo aliyekwisha kupunguzwa kazini. Kazi waliichukua, jina wakamwachia, na watu wote wa mtaa, pamoja na mkewe, walimwita hivyo hivyo.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Sokoni Majengo vitu vilirudi kwa wingi, sabuni za kila rangi, vitenge, redio, na magari yaliyokwisha kutumika huko Japani yakaanza kuteremshwa bandarini na kupanda mpaka kwetu. Lakini ruksa ilikuwa na upande wa pili. Majosho yalikauka, dawa za mifugo zilizokuwa zikitolewa bure zikahamia dukani, na watu kama jirani yangu wakapewa kiinua mgongo na kushikwa mkono wa kwaheri. Tena kabla hajapunguzwa, ni yeye aliyetumwa kuzunguka vijijini, asimame kwenye mikutano na kuwaeleza wafugaji kwamba tangu sasa kila mtu atajinunulia. Aliniambia kuwa mzee mmoja alimuuliza mbele ya watu, "Kwani ng'ombe wameacha kuugua?" Akaomba radhi kwa niaba ya serikali, jambo ambalo nadhani hakutumwa.

Wenzake waliopunguzwa naye walinunua mashine za kusaga. Yeye alinunua gari dogo jeupe, kuukuu kiasi chake, lakini lenye usukani wa pawa. Siku lilipofika alitukusanya majirani, akakaa nyuma ya usukani na kuuzungusha kwa kidole kimoja, kushoto, kulia, matairi yakichora nusu duara mchangani. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwona akijisifu, na hata hapo alimaliza kwa kusema, "Samahani, nimewachelewesha." Alipanga kulijaza dawa na kuwafuata wafugaji wake wale wale, safari hii kwa mkoba wake mwenyewe.

Biashara haikumkaa. Akiulizwa bei ya sindano, alitazama chini na kuitaja kwa sauti ya mtu anayepeleka habari ya msiba. Watu walimwonea huruma wakapunguziwa, au hawakumwonea huruma wakakopeshwa. Lakini usidhani alikuwa mpole kila mahali. Sokoni alibishania nyanya mpaka akina mama wakawa wanazifunika wakimwona anakuja. Na siku moja alimkuta muuza maji akimchapa punda wake kwenye kile kilima cha Chang'ombe, akamnyang'anya fimbo, akaivunja gotini, halafu akamwomba radhi punda. Mwenye punda hakuambulia hata salamu.

Sasa nieleze habari ya kutu, maana wageni hawaamini kwamba gari linaweza kuoza Dodoma. Huku ni kukavu. Msumari ukiuangusha uani, utauokota mwaka ujao ukiwa msumari bado. Lakini Bwana Mifugo alibeba chumvi ya ng'ombe. Alibeba magunia ya chumvi kwenye buti, akabeba mengine kwenye kiti cha nyuma, na yaliyopasuka yakamwagika chini ya mazulia. Mvua zilipoanza, ile chumvi ikawa inalowa na kukauka, inalowa na kukauka. Mkewe alilalamika kwamba hata gauni lake la kanisani lina ladha ya chumvi. Mimi niliyekuwa nikipewa lifti nilianza kuona vumbi likipanda kutoka miguuni, kisha nikaona mwanga, kisha nikaiona barabara yenyewe ikipita katikati ya viatu vyangu. Nilipopiga kelele, aliniomba radhi na kunipa kipande cha bati nikanyage.

Usukani nao ukaanza kuvuja. Kila asubuhi pale lilipolala gari palikuwa na matone mekundu mchangani. Mafuta ya pawa siku hizo yalipatikana kwa shida na bei yake ilikuwa ya kutisha, basi Bwana Mifugo akabuni mtindo wake. Jioni alisukuma bakuli la bati chini ya injini, asubuhi akalitoa, akayachuja yale mafuta kwa kipande cha kanga na kuyarudisha yalikotoka. Alifanya kwa uangalifu mkubwa, amechuchumaa, miwani puani. Bakuli lilikuwa la mboga, na mkewe alikwisha kulisamehe.

Nilikuwepo siku alipolipeleka kwa fundi, kwa sababu nilikuwa nimetegemea lifti ya kurudi nyumbani. Gereji yenyewe ilikuwa uwanja wenye kivuli cha mabati na magari yaliyokosa milango. Fundi alikuwa mtu wa mizaha. Alitia jeki, akajilaza chali, akajisukuma chini ya gari, na kwa muda tukaona miguu yake tu.

"Mzee, haya mafuta unayachujia wapi?"

"Uani kwangu."

"Na vumbi la uani?"

"Nalichuja."

"Hulichuji, unalinywesha gari. Pampu imekula mchanga mpaka imeshiba. Sili imeliwa, na huu mpira wa presha unatoa jasho hapa unapobanwa." Tukasikia anagonga, kisha kimya, kisha anacheka. "Njooni muone. Bisibisi imezama kwenye hii kutu mpaka kwenye mpini. Gari hili lilikaa pwani?"

"Hapana. Tangu linunuliwe liko hapa hapa."

"Basi wewe umelifuga. Umelilisha chumvi kama maksai."

Alicheka peke yake. Bwana Mifugo aliuliza kwa sauti ndogo kama gari litaweza kutembea hivyo hivyo mpaka apate vipuri. Fundi akajivuta nje, akajifuta mikono. "Kutembea litatembea. Hata pampu ikifa kabisa, gari linakwenda. Usukani utakuwa mzito tu, mikono ndiyo itakayolalamika." Maneno hayo tuliyasikia wote wawili, tumesimama bega kwa bega.

Kesho yake, Jumamosi asubuhi, alikuja mtu kutoka upande wa Chemba. Alikuwa mdogo wa mzee mmoja mfugaji ambaye Bwana Mifugo alikuwa amemtibia ng'ombe tangu enzi za kazi ya serikali, na alikuwa amesafiri juu ya lori la mkaa, mweusi mpaka kope. Mimi nilikuwa naanika nguo upande wangu wa minyaa. Nilimsikia akieleza kwamba ndama wa kaka yake wamevimba chini ya masikio, wanapumua kwa shida, hawanyonyi. Sikuhitaji kuwa mtaalamu. Uso wa Bwana Mifugo ulinieleza kwamba ni ndigana, ile homa ya kupe, na kwamba kila saa ina maana yake.

Alikuwa ametoka vijijini juzi yake. Alikuwa amekonda, macho mekundu. Na kuna jambo jingine ambalo alinieleza baadaye: safari yake ya mwisho kwa mzee yule, mzee alimwambia, "Wewe siku hizi ni mfanyabiashara." Labda alisema kwa utani. Bwana Mifugo hakuwa na ngozi ya utani wa namna ile.

Akamwambia yule mtu, "Gari bovu. Usukani umekufa."

Yule mgeni akainama, akachungulia chini ya gari. Aliyaona matone mekundu, aliliona bakuli. Akainuka akasema, "Pole sana, Bwana Mifugo." Akampa pole. Akanywa maji, akaenda kutafuta lori la kurudi.

Mimi niliendelea kuanika nguo. Nilijiambia kwamba mtu mzima anajua hali yake, na kwamba kila mtu ana haki ya kulala siku moja.

Jumamosi hiyo hiyo palikuwa na sherehe ya kipaimara Ihumwa, kwa ndugu wa mkewe. Tulikwenda kwa gari. Mimi nilikaa nyuma, miguu juu ya bati, sahani ya pilau tuliyowapelekea ikiwa mapajani. Usukani ulikuwa mzito kweli. Kwenye kila kona aliuvuta kwa mikono miwili, shingo imemtoka mishipa, jasho likimtiririka, na mkewe akimtania kwamba analima. Lakini gari lilikwenda, likarudi. Njiani hakuna aliyezungumza habari za Chemba, na pilau ililiwa yote.

Ndama walikufa. Habari ililetwa na yule yule mdogo wa mzee, wiki chache baadaye, juu ya lori la namna ile ile. Safari hii hakuja mikono mitupu. Alikuja na mbuzi, wamefungwa miguu, wakilia uani kiasi cha kuwatoa majirani nje. Alisimama wima kama mtu aliyefundishwa maneno ya kusema.

"Wazee wamekaa wakazungumza. Wamesema ndama wamekufa kwa sababu ya gari, si kwa sababu yako. Wakasema gari likitengemaa, hatutapoteza tena. Kila nyumba imetoa ilichoweza. Hawa wauze, utengeneze usukani."

Nilikuwa nimesimama kwenye pengo la minyaa. Nilimwona Bwana Mifugo akifungua mdomo. Kukataa wale mbuzi kulihitaji sababu, na sababu ilikuwa moja tu. Majirani walikuwa wamejaa, mkewe ameshaanza kupiga vigelegele, na mgeni anamtazama kwa upendo. Akafunga mdomo. Kisha akainama kumfungua mbuzi mmoja miguu, taratibu, akimwambia, "Samahani, samahani," na watu wakacheka kwa sababu ndivyo walivyomzoea.

Mbuzi waliuzwa mnadani. Fundi akaweka pampu nyingine na mpira mwingine wa presha, akachomelea sakafu mabati mapya, akapaka lami chini kote ili kutu isirudi. Kazi ilikuwa safi. Usukani ukarudi kuwa mwepesi kama siku ile ya kwanza, ila Bwana Mifugo hakuuzungusha tena kwa kidole. Aliushika kwa mikono miwili na kuubana hata kwenye barabara iliyonyooka. Nilimuuliza kama bado ni mzito. Akasema, "Ni mwepesi mno."

Tangu hapo hakumkatalia mtu. Sijui nielezeje jambo hilo bila kulifanya lionekane zuri, maana wengi walioliona waliliona zuri. Akiitwa wakati wa mvua, anakwenda. Akiwa na homa, anakwenda na homa yake. Upande wa Chemba hakuchukua malipo tena. Dawa alinunua kwa mkoba wake, na mkewe akaanza kuuza maandazi ili watu wa nyumbani wapate kula. Gari lilibeba wajawazito, lilibeba mabibi harusi, lilibeba maiti. Padri alimtaja kanisani kama mfano, naye akainamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa benchi. Waumini waliona unyenyekevu. Mimi nilitamani kutoka nje.

Tulilizungumza mara moja tu katika miaka yote hiyo. Nilimwambia kwamba alikuwa amechoka, na uchovu si kosa. Akafikiri, akajibu, "Mikono haikuwa imechoka, mwanangu. Nilichoka kutazamwa kama mwizi. Nikasema safari hii na wao wapate shida kidogo. Niliyasema hayo moyoni, kwa maneno hayo hayo." Kisha akaniomba radhi kwa kuniambia.

Miaka ikaenda. Macho yake yakaanza kufanya ukungu, na mimi nikawa ndiye dereva wake, maana ni yeye aliyenifundisha kuendesha, kwa gari lile lile. Siku moja akasema anataka kwenda kumsalimia yule mzee wa Chemba kabla mmoja wao hajaondoka. Nikaomba ruhusa kazini, tukaondoka asubuhi. Tulipokuwa tukipita mashamba ya zabibu ya Makutupora, watu wakiwa wameinama kwenye mistari wakivuna, nilimwambia lile nililokuwa nimelitayarisha tangu nyumbani.

"Mwambie. Ninyi wote ni wazee sasa. Mwambie, upumue."

"Na yeye?"

"Atakusamehe. Ni mtu mwema."

"Sikukuuliza kama atanisamehe," akasema. Sikuuliza alikuwa ameuliza nini. Nilikuwa nimeshapata mwendo, nikaendelea kumshauri mpaka akaniambia, haya, mwanangu, nitasema.

Mzee alitupokea kwa furaha nje ya tembe lake. "Mbukwa! Mbukwa!" alisalimu kwa Kigogo, akimshika Bwana Mifugo mikono yote miwili. Nikamwamkia shikamoo, akaniuliza habari za mjini. Tukaingia ndani, tukaletewa maziwa katika vibuyu. Waliulizana habari za watoto, za mvua, za waliokufa. Halafu Bwana Mifugo akaweka kibuyu chini akasema yote, bila kuzunguka, akitazama mikono yake. Alisema gari lilikuwa linatembea. Alisema siku ile alikwenda nalo sherehe.

Nilikuwa nikimtazama mzee, nikisubiri ule msamaha niliouahidi. Aliponena, hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Wale mbuzi niliwaomba mimi," alisema. "Unajua? Mimi mwenyewe. Nilipita nyumba kwa nyumba. Kuna mama mmoja mjane, mbuzi wake wawili tu, akatoa mmoja. Nilimwambia, toa, mama, gari la Bwana Mifugo limekufa." Akaonyesha kidole upande wa kijiji. "Sasa niende tena kule? Niseme nini?"

"Nitakwenda mimi," alisema Bwana Mifugo.

"Watakuuliza kama nilijua. Wengine watasema tuligawana." Alivuta pumzi. "Umekaa na jambo hili peke yako miaka hii. Ungekaa nalo tu, ndugu yangu."

Mimi nilitazama maziwa yangu. Nje watu walikuwa wamekwisha kuliona gari, tukasikia sauti zao. Tulipotoka, walikuwa wamelizunguka, wakubwa kwa wadogo, na mwanamke mmoja mzee sana alikuwa akilipapasa boneti kwa kiganja. Sikuhitaji kuambiwa kwamba ndiye yule mjane.

"Gari letu bado zima!" alisema akicheka, meno machache. Kisha akamgeukia mzee. "Siku ile tu ndiyo lilitutupa. Ndama wote wale. Kumbe lilikuwa bovu kweli kweli, ee?"

Bwana Mifugo alifungua mdomo. Mzee akamshika mkono juu ya kiwiko, akambana, nikaviona vidole vyake vikizama kwenye shati.

"Bovu kabisa," mzee akamjibu yule mama, akimtazama usoni. "Mdogo wangu aliyaona mafuta chini kwa macho yake."

Akamwongoza Bwana Mifugo mpaka kwenye kiti chake, akamfungia mlango, akabaki amesimama pale mkono juu ya paa. Nikawasha gari.